Mnazi na Haki ya Kupanda

Mgeni afikapo pwani yetu kwa mara ya kwanza, kitu kimpokeacho kabla hajasalimiwa na mtu ni mnazi. Huuona umeinama juu ya mchanga mweupe, makuti yake yakichezewa na upepo wa kusi, akadhani kwamba umejiotea wenyewe kama mikoko ya kwenye matope. Wapiga picha na wachoraji wa stempu wamemsaidia sana kudhani hivyo. Wala kosa hili si la wageni peke yao. Sisi tuliozaliwa chini ya kivuli cha mti huu, tuliolala juu ya magodoro ya usumba wake na kula wali wa tui lake, mara nyingi huutazama kama tutazamavyo bahari na mwezi. Yaani, kama kitu kilichokuwapo siku zote na kitakachokuwapo siku zote.

Nia ya makala haya ni kuiondoa dhana hiyo. Ni kweli kwamba nazi huelea juu ya maji, na ikitupwa na mawimbi ufukweni yaweza kuota. Lakini shamba la minazi lililonyooka mistari, lililo mbali na maji ya bahari, halikuletwa na wimbi. Lilipandwa. Kila mnazi mrefu tuuonao leo una mtu nyuma yake, aliyechimba shimo, akaweka mche, akaunywesha maji na kuulinda na mbuzi. Tukimsahau mtu huyo, tumesahau sehemu kubwa ya historia yetu. Maana historia ya mnazi katika Afrika Mashariki ni historia ya watu waliopanda kwa hiari, watu waliolazimishwa kupanda, na watu waliokatazwa kupanda.

Tuanze na asili. Mnazi si mti wa kwanza katika ardhi yetu. Ndugu zake wengine ni wenyeji wa tangu zamani: mkoma wa nyika, mvumo wa mabondeni, na mkindu ambao ukili wake husukwa mikeka. Mchikichi nao, ambao watu wa Kigoma na Ujiji hukamua mawese yake, ni mti wa Afrika. Mnazi, kwa upande wake, ulivuka bahari. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza mbegu za urithi za minazi zaidi ya 1,300 kutoka sehemu nyingi za dunia. Waligundua kwamba minazi ya dunia ina koo kuu mbili, moja ya Bahari ya Hindi na moja ya Bahari ya Pasifiki. Na kwamba katika Bukini, Visiwa vya Ngazija na pwani ya Afrika Mashariki koo hizo mbili zimechanganyika. Mchanganyiko huo hauelezeki kwa mawimbi tu. Unaafikiana na safari za mabaharia waliotoka visiwa vya Kusini-Mashariki ya Asia, ambao lugha yao ingali hai hata leo katika kisiwa cha Bukini.

Msafiri Al-Masudi, aliyeijua pwani hii na kusafiri kutoka huku kwenda Oman mwaka 916, aliandika kwamba nchi ya Wazanji ilikuwa na visiwa vingi viotavyo minazi, na kwamba watu wake walikula nazi. Mwaka 1498 Wareno wa msafara wa Vasco da Gama walipotia nanga Malindi, mwandishi wao aliona nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, na upande wa bara akaona mashamba ya minazi. Basi yapata miaka 1,100 iliyopita mnazi ulikuwa umekwisha kuwa chakula chetu, na miaka zaidi ya 500 iliyopita ulikuwa umekwisha kuwa sura ya miji yetu.

Pengine mwanafunzi atauliza: Ikiwa mti huu ulitoka ng'ambo, twawezaje kuuhesabu katika utamaduni wetu? Swali hili ni zuri, na jibu lake litamfaa katika mambo mengi kuliko mnazi. Kitu hakiwi cha watu kwa kuzaliwa kwao tu; huwa chao kwa kukilea, kukitumia na kukipa majina. Muhindi na muhogo ni vigeni pia, vilivyotoka Marekani ya Kusini na ya Kati, lakini ni nani leo atakayemwambia mkulima wetu kwamba ugali si chakula chake?

Tena ushahidi wa malezi hayo umo katika lugha yenyewe. Mahali ambapo lugha nyingine hutosheka na neno moja, Kiswahili kimemfuata mtoto wa mnazi tangu kuchanua hadi kukauka. Tunda likiwa dogo kama yai huitwa kidaka; likikua kidogo huwa kitale; likijaa maji matamu na nyama laini huwa dafu; likianza kukomaa huwa koroma; na likikomaa kabisa ndiyo nazi. Nyama yake ikikauka huwa mbata. Mnazi wenyewe ukiwa mchanga ni mkinda. Ganda la nje ni kumbi, nyuzi zake ni usumba, na ganda gumu la ndani ni kifuu. Nazi hufuliwa kwa kifuo, hukunwa kwa mbuzi, na tui lake huchujwa kwa kifumbu. Machicha yanayobaki hupewa kuku. Kifuu kikitiwa mpini huwa upawa au kata ya maji. Makuti ya viungo huezeka nyumba, makuti ya kumba huzungushia ua, chelewa hufanya ufagio na mitego ya samaki, na pakacha huchukua mzigo sokoni. Watu hawatungi majina mengi namna hii kwa kitu wanachokipita tu njiani. Majina haya ni kazi ya karne nyingi ya wakulima, wakwezi, wapishi na wagema.

Hata bahari ilifunguliwa kwa mnazi. Mitepe, vyombo vya kale vya pwani ya kaskazini, havikupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba. Kamba hizo zilikuwa kazi ya subira. Makumbi hufukiwa katika mchanga wa pwani, mahali maji yanapokupwa na kujaa, yakakaa huko miezi kadhaa mpaka yakalainika. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa magongo, huoshwa, na nyuzi husokotwa. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja kazi hii imekuwa mikononi mwa wanawake. Yatupasa kulikumbuka hilo kila tusomapo sifa za manahodha. Maana nahodha asingefika mbali bila kamba iliyosokotwa na mwanamke.

Sasa tutazame jinsi mnazi unavyolelewa, kwa kuwa hapo ndipo tutakapoelewa maana yake katika maisha ya watu. Mkulima mwenye ujuzi hachukui mbegu yoyote tu. Huchagua mti uliokwisha kuonyesha uzazi wake kwa miaka mingi, wenye shina lililonyooka na mikungu mizito. Nazi za mbegu huachwa zikomae kabisa, na zikitikiswa zinatoa mlio wa maji ndani. Hulazwa kitaluni ubavu, nusu ndani ya udongo, zikatiliwa maji na kupewa kivuli. Baada ya miezi mitatu au minne huanza kuchipua. Mche ukifikisha majani matatu au manne huhamishiwa shambani, katika shimo pana lililotiwa samadi, na aghalabu na makumbi ya kuhifadhi unyevu. Kati ya mti na mti huachwa nafasi ya mita 8 au 9, kwani mnazi hauzai vizuri kivulini. Nafasi hiyo haikai bure: miaka ya kwanza hupandwa muhogo, kunde au mananasi, na jembe lipaliliao mazao hayo huupalilia na mnazi pia.

Baada ya hayo yote, mkulima hungoja. Mnazi mrefu wa asili ya kwetu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8. Toka ua mpaka nazi kavu hupita kama mwaka mmoja. Lakini ukianza kuzaa, mti huo huendelea kwa miaka 60 na zaidi. Tuifikiri hesabu hii. Mtu wa miaka 50 apandaye mnazi leo atakunywa madafu yake akiwa anakaribia miaka 60. Wanawe watakula nazi zake maisha yao yote. Na wajukuu wake watagawana miti hiyo katika mirathi. Kupanda muhogo ni kufikiri juu ya mwaka ujao. Kupanda mnazi ni kudai kwamba mimi na wangu tutakuwapo mahali hapa kesho na kesho kutwa.

Kwa sababu hiyo mnazi ukawa mali yenye sheria yake. Katika sehemu nyingi za pwani, mti waweza kuwa wa mtu huyu na ardhi ikawa ya mtu yule. Minazi imewekwa rehani, imetolewa mahari, imewekwa wakfu ili mapato yake yatunze msikiti, na imegawanywa kwa idadi baina ya warithi. Miongoni mwa Wamijikenda wa Kenya, ambao tembo lao la mnazi halikosekani katika arusi na matanga, mnazi uliweza kuuzwa mbali na shamba, na wazee waliokunywa pamoja siku ya mapatano ndio waliokuwa mashahidi wa mauzo. Mahali pasipo na karatasi, mti ndio uliokuwa hati.

Tukiisha kuelewa hayo, tutaelewa pia uchungu wa sehemu ifuatayo ya historia.

Karne ya 19 mashamba makubwa yalienea Unguja, Pemba, Mafia, Malindi na mwambao wa Mrima. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Oman, anakumbukwa zaidi kwa mikarafuu, lakini minazi nayo ilizidi kuongezeka. Ulaya ilihitaji mafuta ya kutengenezea sabuni, na wafanyabiashara wa Marseille huko Ufaransa walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mbata za Unguja. Mikono iliyochimba mashimo ya mashamba hayo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara: kutoka nchi ya Ziwa Nyasa, kutoka Uyao, kutoka Manyema. Tufani ya Aprili 1872 ilipoipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi kwa maelfu, ilikuwa ni mikono hiyo hiyo iliyoanza upya.

Watu hawa walipanda mti wa kesho, lakini wao wenyewe hawakuwa na kesho iliyo yao. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mwaka 1897 utumwa uliondolewa kisheria Unguja na Pemba. Mwaka 1907 katika pwani ya Kenya. Na mwaka 1922 katika Tanganyika. Lakini uhuru wa mwili haukuja pamoja na uhuru wa ardhi. Unguja, wengi waliokuwa watumwa, pamoja na wenyeji wengine wasio na mashamba, walikaa katika mashamba ya matajiri kwa ruhusa. Waliruhusiwa kulima muhogo, viazi na mboga chini ya miti. Jambo moja walikatazwa: kupanda mti wa kudumu.

Walimu wanaosoma makala haya tunawaomba wasilipite jambo hilo haraka wanapofundisha. Kwa nini mwenye shamba aliogopa mche wa mnazi kuliko jembe la muhogo? Kwa sababu muhogo hung'olewa na mkulima akaambiwa ahame, lakini mnazi husema kwamba aliyeupanda ana haki hapa. Mwenye shamba alijua vema kwamba mti ni hati. Mtu aliweza kuishi chini ya minazi maisha yake yote, akaipalilia, akaikwea na kuiangua, asiweze kuuita hata mmoja wangu. Tukitaka kueleza dhuluma ya ukabaila kwa mwanafunzi wa leo, mfano huu mmoja watosha.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi ya Zanzibar ilitwaliwa na serikali, na katika miaka iliyofuata familia za wakulima ziligawiwa ekari tatu tatu. Ugawaji huo ulikuwa na matatizo yake, na wanahistoria wanaendelea kuyajadili. Lakini kwa mtu ambaye baba yake alikatazwa kupanda mnazi, kukabidhiwa ekari yenye minazi na karafuu halikuwa jambo la uchumi peke yake. Lilikuwa jambo la utu.

Upande wa Bara nako minazi ilikuwa na shida zake. Adui wa kwanza ni chonga, mdudu mweusi mwenye pembe atobowaye moyo wa mnazi na kuzaliana katika magogo na vishina vilivyooza. Dawa yake ya kwanza ni usafi wa shamba. Mdudu mwingine hufyonza vidaka hata vikapukutika. Juu ya huyu, wataalamu waliofanya kazi Unguja miaka ya 1950 walionyesha jambo la ajabu: maji moto, wale sisimizi wekundu wajengao viota kwa kuunganisha majani, ambao kila mkwezi huwalaani, ndio walinzi wa nazi. Mnazi wenye maji moto wengi huwafukuza wadudu hao na kuzaa zaidi. Basi aliyemdhania adui akawa askari wake.

Lakini msiba mkubwa zaidi ni ugonjwa uuao minazi kabisa. Nazi changa huanguka, maua hugeuka meusi, makuti hupata rangi ya manjano kuanzia yale ya chini, na mwisho kilele chote huoza na kudondoka, shina likabaki limesimama kama mlingoti usio na tanga. Ugonjwa huu husababishwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho viishivyo ndani ya mishipa ya mti, wala hauna tiba. Umeangamiza minazi mingi, hasa katika mwambao wa kusini. Mwaka 1979 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza zao la minazi, ambao makao yake ya utafiti yaliwekwa Mikocheni, Dar es Salaam, na majaribio ya mbegu yakafanywa Chambezi, Bagamoyo. Mbegu fupi za ng'ambo, zilizosifiwa kwa kuzaa upesi, nyingi ziliangamia kwa ugonjwa huo pamoja na machotara yake. Baadhi ya minazi mirefu ya kwetu ndiyo iliyostahimili zaidi. Hapa pana funzo kwetu: mbegu zilizochaguliwa na wazee wetu kwa karne nyingi zilikuwa na elimu ndani yake, nasi tulikaribia kuzitupa kabla hatujazisoma.

Msomaji aturuhusu kueleza jambo moja letu wenyewe. Tulipozaliwa, katika kijiji kimoja cha mwambao kusini mwa Dar es Salaam, babu yetu alizika kitovu chetu chini ya mche wa mnazi, kama walivyofanya wazee wengi wa kijiji kile. Utoto wetu wote tuliuita mnazi wetu. Tulishindana nao kwa urefu, ukatushinda. Baadaye kazi ya utumishi ilituchukua bara, tukakaa huko miaka mingi. Tuliporudi tulikuta kilele kimekwisha anguka, shina tupu likiwa limetobolewa na ndege. Tulisimama pale tukiwa na huzuni, kisha ikatujia haya. Haya hiyo haikutokana na ugonjwa, maana huo haukuwa mikononi mwetu. Ilitokana na kuhesabu: babu yetu alipanda minazi 40 kwa mikono yake, nasi, tuliosoma zaidi yake na kula mshahara miaka 30, hatukuwa tumepanda hata mmoja.

Hali hii si yetu peke yetu. Mashamba ya pembezoni mwa miji hukatwa yakawa viwanja, na minazi mikongwe hupasuliwa mbao, bila mche kuwekwa badala yake. Mbele ya ofisi na hoteli nyingi tunaona miti ya mapambo ya jamii ya mnazi, iliyonunuliwa vitaluni, ikinyweshwa maji kila jioni. Hatuichukii miti hiyo; uzuri nao ni sehemu ya utamaduni, na bustani nzuri hufurahisha moyo. Lakini yashangaza kwamba tuna maji, mbolea na mtunza bustani kwa ajili ya mti wa kutazamwa, na hatuna mche mmoja kwa ajili ya mti uliotulisha miaka elfu. Dar es Salaam na Unguja zote zina mahali paitwapo Mnazi Mmoja. Tusingependa siku moja jina hilo liwe ndiyo hesabu ya kweli ya nchi nzima.

Basi twawashauri walimu wa shule za pwani kazi ndogo. Wapelekeni wanafunzi vijijini wakawaulize wazee: minazi hii ilipandwa na nani, mwaka gani, katika ardhi ya nani, na nani alikatazwa kupanda? Waandike majibu, kwani wazee hao wanapungua kama minazi yao. Kisha kila mwanafunzi alete nazi moja ya mbegu kutoka mti mzuri wa kwao, kitalu cha shule kifunguliwe, na atakapomaliza masomo auchukue mche wake akaupande.

Nasi tumekwisha anza. Msimu wa masika uliopita tuliweka miche mitano karibu na pale liliposimama lile shina. Mbegu zake zilitoka katika mnazi mmoja wa babu uliopona. Ikimpendeza Mungu, tutakunywa dafu lake la kwanza baada ya kustaafu. Na kama hatutalinywa sisi, atalinywa mwingine, wala hapatakuwa na mtu wa kumwambia kwamba hana haki.